Mkono ulishika nini?

Kazi za gazeti zimenibana. Wiki mbili zilizopita mhariri alinituma kwenye maonyesho ya teknolojia hapa Dar nikalete "kitu cha vijana", na kitu chenyewe nilikipata kwenye kona, karibu na wauza chipsi. Ilikuwa miwani ya uhalisia pepe, ile mikubwa myeusi inayoziba uso mzima. Kijana aliyekuwa ananiongoza akasema imetengenezwa kufundishia wauguzi namna ya kumhudumia mtoto anayezaliwa bila kupumua.

Nikavaa. Ghafla niko wodi ya wazazi. Mbele yangu kuna meza, juu yake kichanga wa rangi ya bluu, hasogei, halii. Pembeni saa inahesabu sekunde. Yule kijana akawa ananielekeza: bonyeza hapa umkaushe, hapa umsugue mgongo, hapa umpe hewa. Nikabonyeza, nikabonyeza, kifua kikapanda, mtoto akalia. Waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakapiga makofi. Nakiri nilijisikia vizuri sana.

Nikiwa kwenye daladala nikampigia dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma uuguzi mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja huko mkoani. Nikamwambia leo nimeokoa mtoto. Akacheka, kisha akaniuliza:

"Kaka, mkono wako ulishika nini?"

"Kitufe," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, halafu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Siku ya kwanza aliyoshika barakoa ya kumpa mtoto hewa, aliishika juu ya uso wa mtoto wa kweli, leba, usiku, akiwa mafunzo kwa vitendo. Chuoni kwao madoli ya mazoezi yapo, lakini yamefungiwa kabatini, ufunguo anao mwalimu mmoja, na hutolewa siku ya mtihani ili yasiharibike. Usiku ule mtoto akaja amechoka, kama wanavyosema wao. Dada akaweka barakoa, akaminya ambu, hewa ikatokea pembeni. Akaminya tena, ikatokea pembeni tena. Sista mmoja mtu mzima akampokonya, akaishika ile barakoa kwa vidole viwili, vingine vitatu vikainua taya, kifua kikapanda. Mtoto yuko hai, mshukuruni Mungu.

"Hatua zote nilikuwa nazijua kwa kichwa," akaniambia. "Kilichonishinda ni kuziba hewa isivuje."

Sentensi hiyo ilininyima usingizi. Sasa mimi chuo kikuu nilisoma historia, na nikikosa usingizi huwa naenda kuchimba yaliyopita. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza kuona kwamba mtu hapaswi kujifunzia kazi hii juu ya mtoto wa mtu. Nilidhani nitaishia miaka ya tisini, kwenye kompyuta. Nikajikuta Ufaransa, karne ya 18, kwa mama mmoja mkunga mwenye sindano na uzi.

Jina lake refu ni Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray. Alipata cheti cha ukunga Paris mwaka 1740, akafanya kazi hapo miaka kadhaa, halafu akahamia Auvergne, mkoa wa milimani, maskini, mbali na anasa za mji mkuu. Huko akakuta wanawake wa vijijini wanaozalisha wenzao bila kufundishwa na mtu yeyote, na wengi wao hawajui kusoma. Ukimpa mwanafunzi wa namna hiyo kitabu umempa kuni tu. Ukimwelezea kwa mdomo jinsi mtoto anavyogeuka tumboni, atakuitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na kesho atavuta mkono unaotangulia kama kawaida.

Basi Madame du Coudray akashona. Alitengeneza kiwiliwili cha mwanamke kuanzia kiunoni hadi mapajani kwa kitambaa, ngozi na pamba, na kwenye baadhi yake akaweka mifupa halisi ya nyonga. Ndani akaweka doli la mtoto wa ukubwa wa kweli, lenye kitovu, lenye mdomo unaoingia kidole, kwa sababu mkunga anapaswa kuutambua mdomo kwa kupapasa tu bila kuona. Kulikuwa na kamba za kukaza na kulegeza njia ili mwanafunzi aonje ugumu wake. Kulikuwa na mapacha pia. Yeye aliliita dude lake "mashine" tu.

Mwaka 1759 alitoa kitabu cha ukunga, na mwaka huohuo Mfalme Louis wa 15 akampa hati ya kuzunguka nchi nzima kufundisha. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kwa zaidi ya miaka 20 mama huyu alikwenda mji hadi mji na mashine zake, anakaa miezi kama miwili, anafundisha, anafunga mizigo, anaondoka. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliopita mikononi mwake ni zaidi ya wanawake 4,000. Na darasa lake halikuwa hotuba. Kila mwanafunzi alipaswa kuingiza mkono wake mwenyewe, akakosea, akarudia, akakosea tena, mpaka mkono ukazoea. Kila alipopita alihimiza mashine moja ibaki mjini, ili walio nyuma waendelee kujifunza yeye akishaondoka.

Alifariki mwaka 1794. Katika mashine zake zote imesalia moja inayojulikana, ipo kwenye jumba la makumbusho mjini Rouen. Nimeitazama picha yake muda mrefu. Kitambaa kimefifia, mishono bado inaonekana. Kuna maandishi yaliyobandikwa kuonyesha hiki ni nini na kile ni nini. Huyo mama alikuwa anawaza kama mwalimu hasa, na bado ukiwauliza watu mtaani nani alianza kufundisha uuguzi kwa kuigiza, watakutajia kampuni.

Ngoja niruke miaka, maana kati hapa mambo ni machache. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Marekani, ilipokea mwanasesere mkubwa kama mtu mzima, aliyeagizwa kwa Martha Jenks Chase, mama aliyekuwa akitengeneza madoli ya watoto huko Rhode Island. Wauguzi wakambatiza "Mrs. Chase". Wakamvalisha, wakamgeuza, wakamwogesha. Baadaye warsha ile ikatoa na wanasesere wa watoto wachanga kwa ajili ya mafunzo. Lakini Mrs. Chase hakuwa anapumua, na hakumdai mwanafunzi ampumulie.

Anayepumuliwa alikuja kutoka Norway. Åsmund Laerdal alikuwa mtengeneza vinyago vya plastiki mjini Stavanger. Katikati ya miaka ya 1950 mtoto wake mdogo wa kiume nusura azame majini, baba mwenyewe akamtoa. Miaka michache baadaye madaktari walipokuja na wazo la doli la kujifunzia kupulizia watu hewa, walimkuta mtu aliyekwisha kuelewa. Doli la Resusci Anne likatoka mwaka 1960. Kipindi hichohicho vifaa vingine vilikuwa vinakamilika: Virginia Apgar, daktari wa usingizi, alibuni alama zake za kumpima mtoto aliyetoka kuzaliwa mwaka 1952, na mwaka 1956 ukaingia sokoni mfuko wa kumpa mgonjwa hewa unaojijaza wenyewe. Hilo neno "ambu" mnalolisikia hospitali zetu ni jina la kampuni ya Denmark iliyoutengeneza mfuko huo. Limeshakuwa la kwetu, kama "leba" na "sista".

Sasa tufike nyumbani, maana hapa historia hii inaingia Tanzania, tena kwa mlango wa mbele.

Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na wenzake walizindua mafunzo yanayoitwa Helping Babies Breathe, yaliyokusudiwa nchi zenye vifaa vichache. Kiini chake ni dakika moja ya kwanza, wanayoiita dakika ya dhahabu: ndani ya dakika hiyo mtoto awe amekaushwa, amesuguliwa, na kama bado hapumui awe ameanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa. Hakuna mashine ya umeme hapo. Kampuni ileile ya Stavanger ikatengeneza doli la kufundishia, NeoNatalie. Unalijaza maji ya uvuguvugu, linakuwa na uzito na ulegevu wa kichanga. Unaminya kipira, kitovu kinadunda. Unaminya kingine, linalia. Ukiweka barakoa vibaya kifua hakipandi, hata ukimlilia.

Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuyajaribu kwa mapana. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali nane, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ukiwa ripota unajifunza kuziogopa takwimu nzuri kupita kiasi, lakini hizi zimesomwa na kujadiliwa kweli.

Ila habari iliyonikamata zaidi inatoka Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyopo Manyara tangu mwaka 1955. Pale watafiti waliweka watu leba wa kuangalia na kuandika kila mtoto anavyozaliwa na anavyohudumiwa, saa kwa saa. Wakagundua jambo la kutisha: kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 zinazopotea kabla ya kuanza kumpa hewa zinaongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Soma tena. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa kwenye droo.

Mwaka 2010 waliwapa watumishi mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye wakawapima kwenye doli. Wamefaulu vizuri, wako juu kuliko walivyokuwa kabla. Wakatazama yale madaftari ya leba. Hakuna kilichobadilika. Watu walewale waliofaulu kwenye doli walikuwa wakiwahudumia watoto wa kweli vilevile kama zamani.

Kwenye karatasi ya kisayansi hii ni aibu, na wengi wangeifukia. Hege Ersdal na wenzake waliichapisha mwaka 2013 na kichwa cha habari kinachosema wazi kwamba mafunzo ya siku moja yanainua uigizaji lakini siyo huduma. Nimekaa kwenye semina nyingi za siku moja, za posho, begi na picha ya pamoja, na nadhani kichwa hicho cha habari kingefaa kubandikwa kwenye kumbi zote za hoteli.

Kilichofuata Haydom hakikuwa kifaa kipya, bali ratiba. Doli likahamishiwa kule kule leba, na kuanzia mwaka 2011 watumishi wakawa wanalishika dakika tatu hadi tano kila wiki, na mara moja kwa mwezi kama dakika 40. Wasimamizi walikuwa watumishi wa hapohapo, siyo wageni wa ndege. Estomih Mduma na wenzake walitoa matokeo mwaka 2015: vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Doli lilikuwa lilelile na hospitali ileile. Kilichoongezeka ni idadi ya mara ambazo mkono ulirudi kushika.

Wazo hilo baadaye likakua. Mradi wa Safer Births, uliohusisha hospitali 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, uliunganisha mazoezi hayo mafupi ya mara kwa mara na vifaa vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto. Matokeo yake yalichapishwa Februari 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilitoka 15.3 vikafika 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Na ile miwani je? Nayo ina ukoo wake, ila haukuanzia hospitali. Ulianzia angani. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana wa familia ya watengeneza vinanda huko Binghamton, alitumia mivukuto ya vinanda kutengeneza kijidege cha kufundishia urubani ukiwa chini. Jeshi la Marekani halikumjali sana mpaka mwaka 1934, lilipopewa kazi ya kusafirisha barua na marubani wake wakaanza kufa kwenye hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua. Mwaka 1968 Ivan Sutherland akaunda kofia yenye skrini mbili mbele ya macho, nzito kiasi kwamba ilining'inizwa darini. Miaka ya 1980 Jaron Lanier akalieneza jina lenyewe la uhalisia pepe. Mwaka 2012 wakaja Oculus, mwaka 2014 Facebook ikawanunua, na mwaka huohuo Google wakatoa miwani ya maboksi, unaingiza simu yako ndani unaona dunia nyingine. Bei ya kuingia ikashuka kutoka ya jeshi hadi ya mwanafunzi. Boksi lenyewe Google waliacha kuliuza mwaka 2021.

Hapo watu wa afya wakapata wazo, na si wazo la kijinga. Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na KEMRI-Wellcome ya Kenya walitengeneza LIFE, mchezo wa kwenye simu unaokuingiza hospitali na kukupa mtoto mahututi wa kuhudumia. Kundi jingine likatengeneza programu ya uhalisia pepe iliyojengwa juu ya yaleyale mafunzo ya dakika ya dhahabu, wakaipeleka kwa wauguzi na wakunga 274 Lagos, Nigeria, na Busia, magharibi mwa Kenya. Wote walifundishwa kwanza kwa doli. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likabaki na miwani na simu, jingine na video, jingine na njia za kawaida.

Baada ya miezi sita wakaitwa tena kwenye doli, wape hewa. Makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa, na yote yalikuwa yamesahau mengi. Waliofaulu kipimo cha mfuko na barakoa walikuwa wachache kuliko walioshindwa, kwenye kila kundi, hata la miwani.

Sisemi miwani ni upuuzi. Ina mambo ambayo doli haliwezi. Unaweza kufanya zoezi saa nane usiku bwenini, hakuna wa kukucheka ukikosea, na mpangilio wa hatua unakaa kichwani. Corona ilipofunga vyuo mwaka 2020, wanafunzi wa uuguzi duniani kote walibaki na skrini tu, na skrini ni bora kuliko ukuta. Lakini dada yangu alikuwa amekwisha kunipa jibu kabla sijasoma utafiti wowote. Hatua alikuwa nazo kichwani. Kilichovuja ni hewa, na hewa inazibwa kwa vidole. Miwani niliyovaa mimi haikuwa na uso wa kushika.

Hata ule mfano wa marubani tunaopenda kuutaja tunaunukuu nusu. Rubani wa ndege ya abiria hafundishwi kwenye kiigizo mara moja akaachwa. Anarudishwa mara kwa mara kwa lazima ya kanuni maisha yake yote ya kazi, na akishindwa harushi ndege. Tumechukua mashine yake, tukaiacha ratiba yake.

Na kuna kitu kinachopaswa kutukera. Kwa takwimu za taifa letu, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila 1,000 mwaka 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Kazi kubwa, tupongezane. Lakini humo ndani, vifo vya wale wa chini ya mwezi mmoja vilitoka 25 vikafika 24. Moja tu. Tumejifunza kumwokoa mtoto wa miaka miwili, huyu wa dakika mbili bado anatusumbua.

Habari ya gazeti niliiandika, wakaipa picha kubwa ya mimi nimevaa miwani. Haydom walipata aya moja, ikakatwa kwa sababu ya nafasi.

Dada nilimtumia haya yote kwa WhatsApp, pamoja na picha ya mashine ya Rouen. Akaionyesha darasani. Sijui walikwenda kumwambia nini yule mwalimu mwenye ufunguo, na dada hataki kunisimulia. Juzi akanitumia picha ya doli liko mezani, limejazwa maji, barakoa pembeni, na wenzake wamelizunguka kama watu wanaosubiri pilau. Wamekubaliwa kulitoa kabatini kila Jumatano, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Darasa lina wanafunzi 40. Nimepiga hesabu, ni dakika moja na nusu kwa kila mmoja.